Kumchana Mbwa Pale Panapoonekana

Nilifundisha darasa la nane kwa zaidi ya miaka ishirini. Niliweza kuwanyamazisha watoto sabini kwa kukohoa tu, lakini sijawahi kudharauliwa kama nilivyodharauliwa na mbwa mmoja mdogo mwenye nywele za kujisokota. Binti yetu alimnunua Nairobi kabla hajaolewa. Alipoolewa akatuletea hapa Nkubu, "kwa muda tu," na muda huo sasa una miaka mitatu.

Sisi tumezoea mbwa wa kawaida. Anakula mabaki ya githeri, anabweka usiku, akiwashwa anajikuna kwenye mti wa kahawa, basi. Nywele za huyu hazidondoki. Zinakua, zinajisokota, zinashikana, na kila akipita shambani anarudi na mbegu zote za kishona nguo. Lazima achanwe kila siku. Yaani mtu mzima na pensheni yake akae kwenye kigoda akimchana mbwa, na majirani wanapita barabarani wakimsalimia!

Kazi hiyo ilikuwa ya mke wangu, na aliipenda. Kisha binti yetu akajifungua huko Embu, na kwetu mama hamwachii mtu mwingine binti aliyejifungua. Anaenda yeye mwenyewe, akampikie uji wa ucuru na kumwogesha mtoto, hata kama ni wiki sita. Akiwa anafunga mzigo alinikabidhi kichana cha chuma na brashi yenye meno ya waya.

"Mwalimu, kama huwezi, sema saa hii. Niibebe niende nayo."

"Mbwa kwa nyumba yenye mtoto mchanga? Nitaweza."

"Unafungua nywele mpaka uone ngozi. Nyuma ya masikio, kwapa, tumbo. Si juu juu."

"Nimesikia, mama."

Nilijua anawaza nini. Mara ya mwisho kuniachia kitu chake ilikuwa kuku ishirini wa mayai, na aliporudi kutoka mazishini alikuta saba. Hakunigombeza, ila tangu siku hiyo hakuniachia hata mche wa sukuma wiki. Kwa hiyo kwangu huyu hakuwa mbwa tu. Nilitaka mke wangu anione tena kama mtu wa kuachiwa kitu.

Siku tatu za kwanza nilifanya kama nilivyoagizwa. Mbwa alijinyonganyonga, akalalia tumbo, akaiuma brashi, akaninyea kiatu. Sikio moja lilinichukua saa nzima. Siku ya nne nikagundua jambo: mke wangu alipiga simu ya video kila jioni, na kwenye simu ya video tumbo la mbwa halionekani.

Tangu hapo nilichana kichwa na mgongo, dakika tano, nikamaliza. Jioni nilimpakata mbele ya simu akiwa amevimba nywele kama bibi harusi. Mke wangu akisema tu, "Kakondoo kangu!" mbwa aliinamisha kichwa upande mmoja na kukitikisa.

"Ona vile inanisalimia!"

"Ikisikia tu sauti yako," nilimwambia.

"Na umeichana leo?"

"Nimeichana."

Wiki ya sita, siku ya Jumanne, akasema anarudi Jumamosi. Nikaingiza mkono chini ya tumbo la mbwa. Nywele zilikuwa zimeshikana zikawa kitu kimoja, kigumu kama zulia la mlangoni. Kwapa vivyo hivyo. Brashi haikuingia hata kidogo.

Hapo nikafanya kosa la mtu aliyezaliwa Ruiri. Baba yangu alifuga kondoo wa sufu, na nyumbani kwetu kondoo alioshwa kabla ya kunyolewa ili sufu itakate na makasi yapite. Nikamtia mbwa kwenye karai, nikamwagia maji moto, nikamsugua kwa sabuni ya mche kwa nguvu zangu zote, kisha nikamfunga juani akauke. Alipokauka, yale mafundo yalikuwa yamekaza hata yanavuta ngozi. Alitembea kama aliyevaa sweta ya mdogo wake. Nilimtukana yeye, nikamtukana binti yangu, nikaitukana Nairobi yote.

Jirani yetu, mama anayesuka nywele sokoni, alisikia makelele akaja kuchungulia. Alicheka hadi akashikilia lango.

"Mwalimu, umeosha kwanza? Hata mtoto wa nasari anajua nywele inafumuliwa ikiwa kavu, ndio inaoshwa!"

"Hiyo ni nywele ya watu."

"Na hii ni ya nini? Wee, lete makasi."

Alikaa chini, akamlaza mbwa mapajani na kuanza kukata fundo moja moja huku akinicheka. Alimaliza tumbo, akamaliza kwapa. Alipofika nyuma ya sikio la kushoto akaacha kucheka. Chini ya fundo kulikuwa na kidonda kibichi, na mbegu za kishona nguo zimezama ndani yake.

"Hii si ya leo, Mwalimu," alisema. "Haikuwa inafanya hivi?"

Akainamisha kichwa chake mwenyewe upande mmoja, akakitikisa, kuniigizia mbwa.

Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona mbele ya mtu yeyote. Daktari wa mifugo alikuja akatoa mbegu zile na kuweka dawa, na jioni nikamwambia mke wangu kwamba kamera ya simu imeharibika. Kufikia Ijumaa kidonda kilikuwa kimekauka. Jirani alinishauri niseme ni kupe, nami nikaona ni ushauri mzuri.

Jumamosi mke wangu akaingia langoni, akamwona mbwa amekatwa mabakamabaka, akacheka.

"Ni nani ameinyoa hivi? Haya, si nywele itaota."

Nikashusha pumzi. Akaweka mfuko chini, akachuchumaa.

"Kakondoo kangu!"

Mbwa alimrukia, akamlamba mikono, akatikisa mkia hadi mwili wote ukatikisika. Lakini kichwa kilikaa wima. Akamwita tena, akangoja. Akamwita mara ya tatu.

"Mbona hainisalimii?" aliniuliza, na tabasamu limemtoka. "Kwani imenisahau?"

Kupe walikuwa tayari mdomoni mwangu. Nikashindwa kuwatoa.

"Haikuwa inakusalimia, mama. Ilikuwa inaumwa na sikio. Nilikuwa naichana tu pale unaona."

Aliliinua sikio la kushoto akatazama nyuma yake, akaliinua na la kulia. Kisha akavuta kigoda, akampakata mbwa, na bila kunitazama akanyoosha mkono. Nikampa brashi.

Ni miezi minne sasa. Akienda kanisani, brashi huifungia kabatini.