Treni ya Sukari ya Phares Odero

Phares Odero wa Kaloleni aliendesha treni za mvuke mpaka mvuke wenyewe ukaondolewa relini, na katika miaka yote hiyo hakuangusha hata behewa moja. Alilisema hilo akiulizwa na asipoulizwa. Kisha akastaafu, na kabla pensheni haijazoea jina lake akawa ameangusha treni mara nyingi kuliko madereva wote wa Nairobi wakijumlishwa.

Treni yenyewe ilikuwa ya bati, ya kuchezea, iliyoundwa kabla ya vita vya Hitla. Aliachiwa na bosi wake Mzungu aliyerudi kwao. Reli yake ilizunguka meza ya sebuleni. Tabu ilikuwa transfoma yake ya kale, ile ya kuipa umeme: ukizungusha swichi yake kidogo, treni imenuna, ukiongeza unywele tu, inaruka kama mbuzi wa Kiamaiko aliyeona kisu, na kutua kwenye vitambaa vya makochi alivyovifuma Benta, mke wake, kwa mkono wake mwenyewe.

Benta alikuwa mvumilivu, ila alikuwa amefika mwisho. "Baba Apondi, Jumamosi akina mama wa kanisa wanakuja hapa. Hiyo takataka ianguke mbele yao, Jumatatu inaenda kwa mtu wa vyuma kuukuu."

Mtu mwenye akili angeificha treni uvunguni. Phares, kichwa ngumu, akatangaza kwamba treni ndiyo itakayowapelekea wageni sukari. Kisha hofu ikamshika, akaibeba transfoma mbio hadi soko la Burma kwa Mutisya, fundi wa redio.

Mutisya aliifungua, akacheka. "Mzee, hii inapeana stima yote mara moja. Wacha nikutengenezee kontrola ya transista badala yake. Hii ngoma itatoka pole pole kama bibi arusi."

Phares alichukia. Yeye, aliyepandisha mizigo milima ya Mau, afundishwe kuondoka na kisanduku cha plastiki! Lakini alipoijaribu nyumbani, treni iliondoka kwa upole hata akavua kofia.

Jumamosi akina mama wakajipanga kuizunguka meza. Jirani Masinde, mstaafu wa reli pia, aliwekwa karibu na birika kuwa stesheni masta. Maana reli ya njia moja ina sheria yake: dereva haipiti stesheni mpaka akabidhiwe tokeni mkononi, ndiyo ithibati kwamba hakuna treni nyingine mbele. Tokeni ya leo ilikuwa pete ya pazia.

Mzunguko wa kwanza, pete ikakabidhiwa na kurudishwa, na sukari ikafika kwa Mama Roseline bila chembe kumwagika. "Yaye!" Makofi yakapigwa. Mzunguko wa pili, treni ikafika kwenye birika, ikasimama kabisa.

"Imekufa," mtu akanong'ona. Benta akainuka, na Jumatatu ilisomeka usoni mwake.

Haikufa. Phares ndiye aliyeisimamisha. Mkono mmoja ulikuwa kwenye kontrola, wa pili ameunyoosha pembeni, kiganja wazi, anangoja. Masinde, mashavu yamejaa mandazi, alijipapasa mifuko yote. Pete haikuwepo.

"Si uende tu, baba," akina mama wakamsihi. "Chai inapoa!"

"Bila tokeni siendi," Phares akasema. "Mnataka niue watu?"

Wakacheka mpaka wakashika mbavu. Benta hakucheka. Aliujua mkono ule. Kuna wake wa madereva walioitwa ofisini wakaambiwa wakae kwanza, ndipo wapewe habari. Yeye hakuitwa hata siku moja, kwa sababu ya ukaidi huohuo uliokuwa unapoza chai yake.

Akavua bangili yake ya shaba, akaiweka kwenye kile kiganja. "Njia ni yako, Baba Apondi. Urudi salama."

Treni ikaondoka, pole pole, na sukari yake.

Jumatatu mtu wa vyuma kuukuu alipopita akiita, Benta alimpa ile transfoma ya kale. Bangili hakuidai tena.