Bunduki ya Kurusha Kamba

Kazi yangu kwenye makumbusho ilikuwa kufuta vumbi. Ninalisema hili mapema ili mtu asidhani nilisomea mambo ya meli. Nilikuwa na ndoo, kitambaa cha bluu cha vioo, kitambaa cha njano cha mbao, na mashine ya kunyonya vumbi iliyolia kama mbuzi aliyekanyagwa mguu. Makumbusho yenyewe ni jengo la matofali karibu na maji, hapa Buffalo, upande ule ambao hewa inanukia nafaka za chai ya asubuhi kwa sababu kuna kiwanda kinazikaanga. Vyumba ni sita. Ndani mna historia ya ziwa: meli zilizozama, siasa za zamani za kata za bandarini, na bunduki.

Nilitaka kuwa mwongozaji, yule anayetembea mbele ya wageni akieleza. Sikuwa na sababu ya kulitaka jambo hilo. Sisi ni watu wa milima ya juu ya Kivu Kusini, watu wa ng'ombe, na katika ukoo wetu hakuna aliyewahi kuendesha hata mtumbwi. Lakini mji wetu wa kwanza Amerika ulikuwa Louisville, na wiki ya pili tu baba alitupeleka mtoni kutembea. Kulikuwa na meli nyeupe yenye gurudumu jekundu nyuma, inapiga muziki kwa mvuke. Nilikuwa na miaka kumi. Nilisimama pale mpaka mama akanivuta kwa kofia ya koti. Siku hiyo niliamua maisha yangu yote, kama watoto wanavyoamua, halafu nikaenda kula viazi.

Baadaye baba mdogo alituita Columbus. Mwalimu wangu wa huko aliniambia kwamba zamani palikuwa na meli ya mbao katikati ya mji, mfano wa ile ya baharia ambaye mji unabeba jina lake. Nilipanda basi peke yangu kwenda kuitazama. Nilikuta mto, bata, na mwanamume anakula mkate. Meli ilikuwa imeshaondolewa, mbao zilioza. Tukiwa bado tunaishi huko, sanamu ya baharia yuleyule nayo ikaondolewa mbele ya ofisi ya jiji, watu wakabishana kwenye televisheni, wengine wakilia, wengine wakipiga makofi. Baba alitazama mpaka mwisho, akasema, "Bon. Mji huu uko unafukuza mabaharia. Na sisi twende." Ukweli ni kwamba alikuwa amepata kazi kwenye kiwanda kimoja cha Tonawanda, jirani na Buffalo. Lakini alipenda kusema hivyo.

Ndivyo nilivyofika Buffalo, kwenye ziwa ambalo huoni ng'ambo yake, na kwenye makumbusho, kwa mlango wa nyuma, na ndoo.

Nilijifunza maelezo yote ya vyumba sita wakati nafuta. Mwongozaji wa zamani alikuwa anarudia maneno yaleyale kila siku, na mimi nilikuwa nyuma yake na kitambaa. Nilijua mfereji wa kupitishia meli mpaka ziwani ulichimbwa kwa mikono. Nilijua kwamba watu waliopakua nafaka melini kwa koleo walipata kazi kwa kupitia mwenye baa, na mwenye baa huyohuyo ndiye aliyekuwa mkubwa wa siasa pale katani, kwa hiyo ulikunywa kwake na ulimpigia kura. Nilijua bunduki za askari waliolinda mto miaka pombe ilipokatazwa, wakati watu walipoivusha kutoka Kanada kwa mashua. Nilizisema habari hizi nyumbani, mtaa wa Kensington-Bailey, wakati naosha vyombo. Mama alikuwa ananiambia, "Haya, meli imezama, tumesikia. Sasa osha sufuria."

Mwongozaji alipokaribia kustaafu, nilimwendea meneja. Ni mama mrefu wa mvi, hacheki ovyo, lakini ni mtu wa haki. Aliniambia kuna mwanafunzi wa chuo kikuu anaitaka nafasi hiyo, ila na mimi angenijaribu. Nilete watu kumi, Jumamosi, saa nane kamili. Vyumba sita kwa dakika ishirini, maana saa nane na dakika ishirini kuna kundi jingine lenye tiketi.

"Watu wangu hawajui sana Kiingereza," nikamwambia.

"Waeleze kwa lugha yenu. Mimi nitatazama nyuso zao na saa yangu."

Kupata watu kumi kanisani kwetu si shida. Shida ni kuwazuia wasifike ishirini. Wazee walikubali. Mama Pasta, yaani mke wa mchungaji, alisema atakuja na gari kubwa la kanisa. Aliyekataa ni mmoja tu.

"Kule kuna bunduki?" baba aliuliza mezani.

"Zimefungwa kwenye vioo, Baba. Za zamani."

"Bunduki haizeekake, mama." Baba ananiita mama tangu nizaliwe, kwa sababu nina jina la mama yake. "Mie siingii fasi iko bunduki. Nitakuja, nitakungoja inje."

"Ngojea tu inje na baridi hii," mama akadakia. "Utasikia vizuri sana meli zikizama."

Baba akavuta sahani yake. Kule milimani alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, anafundisha kwa Kifaransa, na shule yake iliishia siku walipokuja watu wenye bunduki. Zaidi ya hapo hasemi, na sisi hatuulizi. Hapa anafunga skrubu kwenye vyuma vinavyopita mbele yake, na Kiingereza chake ni sentensi tatu, zote za kiwandani.

Jumamosi walifika kumi na wawili, wamevaa kama siku ya harusi. Akina mama walikuwa na vitambaa vya kufunga begani juu ya makoti ya baridi, wazee na fimbo zao. Saa ilikuwa nane kasoro dakika moja. Nilikuwa nimepima kila kitu: dakika tatu chumba cha kwanza, tatu cha pili, nne cha bunduki. Nilikuwa nimepima hata muda wa wazee kupanda ngazi. Nilichosahau ni salamu.

Sijui nilisahauje, mimi niliyelelewa humo. Kwetu huingii kwa mtu ukaanza kazi. Unamshika mikono miwili mpaka viwiko, unauliza habari zake, za nyumba, za watoto, za ng'ombe. Ng'ombe hapa Buffalo hatuna, lakini tunawaulizia. Wakamsalimia meneja, mmoja mmoja. Wakamsalimia mwuza tiketi. Wakamsalimia mlinzi, ambaye mwanzoni alirudi nyuma hatua moja. Kisha wakasalimiana wenyewe, ingawa walitoka gari moja, kwa sababu sasa walikuwa wamefika ugenini. Fimbo ziliegemezwa ukutani karibu na mlango, maana kwa mtu huingii na fimbo. Ndipo Mama Pasta akasema hatuwezi kuingia nyumba ya watu bila maombi, akafumba macho.

Alipotamka amina ilikuwa saa nane na dakika kumi na moja. Meneja alikuwa ameshika saa yake kwa vidole viwili. Nje ya mlango wa kioo baba alisimama, mgongo kwetu, mikono mfukoni.

Chumba cha kwanza nilikipita kama moto unanifuata. "Mfereji, ulichimbwa kwa mikono, twende." Chumba cha pili nilikusudia sentensi moja tu, lakini mzee mmoja wa kwaya alinishika mkono.

"Donc mwenye pombe ndiye alikuwa mheshimiwa?"

"Ndiyo, Papa."

"Na kama weye hunywake?"

"Hupati kazi."

"Ah. Basi sisi wa kanisa letu tungekufa njaa wote."

"Weye ungekunywa siku ya kwanza," Mama Pasta akamwambia, na kicheko chao kilikula dakika nzima.

Nikaruka cha tatu. Kwenye mlango wa cha nne wote walisimama ghafla. Katikati ya chumba kuna bunduki nene ya shaba, fupi kama mzinga mdogo, juu ya kigari cha mbao. Hakuna aliyeingia. Mimi huwa naifuta kila siku kwa kitambaa, nilikuwa nimeshasahau kwamba ni bunduki.

"Hii haikutengenezwa kuua," nikasema. "Meli ilikuwa ikikwama kwenye miamba, dhoruba kali, mashua ya kuokoa haiwezi kufika. Watu wanasimama ufukweni na hii. Risasi yake ni chuma kirefu kimefungwa kamba. Wanapiga juu ya meli, kamba inaanguka kule, watu wanavutwa mmoja mmoja mpaka nchi kavu."

"Bunduki ya kurusha kamba?" Mama Pasta akaniangalia. "Mtoto, usitudanganye mbele ya bazungu."

"Kweli, Mama."

Akaingia hatua moja. Akafikiri. "Na wale ba melini? Kuna upepo, banalia, hakuna wa kubafundisha. Banajuaje kamba ifungwe fasi gani?"

Lilikuwa swali zuri kuliko yote niliyowahi kusikia kwenye chumba hicho, na jibu lake lilikuwa ukutani. Kamba ilipelekwa pamoja na kibao cha mbao chenye maagizo. Kibao chetu kinaning'inia kwenye msumari, Kiingereza mbele. Wageni hawaruhusiwi kukigusa. Lakini mimi nakifuta mbele na nyuma, kwa hiyo nilikuwa najua kitu ambacho mwongozaji hakuwahi kukisema: nyuma kuna Kifaransa, kwa meli za watu wasiojua Kiingereza. Nilikitoa kwenye msumari, nikakigeuza.

Wazee wakasogea, bunduki wakaipita. Mzee wa kwaya akakisogeza kibao mbali, akakileta karibu. "Macho yangu hapana. Muite Mwalimu."

"Mwalimu hataki kuingia," nikasema.

"Nani amekuuliza?" Akaenda mlangoni mwenyewe, akagonga kioo. "Mwalimu! Kuja! Huku kuna Kifaransa!"

Nilimwona baba akigeuka. Alikaa kidogo mlangoni, akifuta viatu kwa muda mrefu kuliko vilivyohitaji. Kisha akavuka ukumbi akiangalia sakafu, akaja moja kwa moja mpaka kwangu, akavaa miwani, akachukua kibao kwa mikono miwili. Bunduki ilikuwa karibu na goti lake. Hakuitazama.

Alisoma mstari wa kwanza kwa Kifaransa, polepole, mara mbili, kama imla. Kisha akaueleza kwa Kiswahili. Kisha akavua miwani akawatazama wazee wa kanisa kwa macho ambayo sikuwa nimeyaona tangu nikiwa mdogo sana.

"Kamba imefika. Unaifunga wapi?"

"Kwa mlingoti!" wakajibu.

"Chini ama juu?"

"Juu!"

"Na kama mlingoti umevunjika?"

Mzee wa kwaya akainua kidole. "Fasi yoyote yenye nguvu, Mwalimu."

"Très bien. Kisha?"

"Kuangalia kamba inapita bila kukwama!"

"Kisha?"

"Kutoa ishara kwa ba ufukweni!"

"Kwa nini ishara?"

Mama Pasta akasema, "Ili bajue tuko bazima."

Saa ya ukutani ilikuwa inaonyesha saa nane na dakika ishirini na mbili. Kundi lenye tiketi lilikuwa limeshafika nyuma yetu, mume na mke na watoto watatu, wamesimama wanasikiliza lugha wasiyoijua. Vyumba viwili vya mwisho vilikuwa bado. Nilijua nikisema "Baba, basi," ningeweza kuvikimbia vyote viwili kwa dakika mbili, na meneja, mtu wa haki, pengine angehesabu. Nilifungua mdomo. Baba alikuwa amerudi mstari wa kwanza, kwa sababu wawili wa nyuma walikuwa hawajajibu. Nikafunga mdomo.

Tulimaliza saa nane na dakika thelathini na nne. Meneja aliwaomba radhi wenye tiketi. Kuagana nako kulichukua muda wake.

Jumatatu aliniita ofisini. Nafasi amepewa mwanafunzi wa chuo. Vyumba vitatu kati ya sita, alisema, na dakika kumi na nne zaidi. Nikasema naelewa, na nilielewa, ingawa nilikwenda nikasafisha choo kwa muda mrefu kidogo. Niliporudi nikamkuta meneja chumba cha nne na nyundo. Alikuwa ameng'oa msumari na kuweka mnyororo mwembamba, ili kibao kiweze kugeuzwa.

"Nimefanya kazi hapa miaka mingi," akasema, "sijawahi kuona mtu akijibu maswali kwa sauti namna ile. Yule mwenye miwani alikuwa anauliza nini?"

Nikamweleza, swali kwa swali. Akaandika.

Mwanafunzi ni kijana mpole mwenye masikio mekundu. Akifika chumba cha nne huwa ananitafuta kwa macho, na mimi naweka chini kitambaa cha njano, nakigeuza kibao, nauliza maswali ya baba kwa Kiingereza. Wageni wanajibu. Mlingoti ukivunjika, karibu wote hukosa.

Meneja amesema majira ya joto atahitaji mwongozaji wa pili, na kwamba atanijaribu tena: watu kumi, saa nane kamili, dakika ishirini. Nilimwambia baba mezani.

"Nitakuja," akasema. "Ndani."

Akatafuna kidogo. "Na salamu?"

"Saa saba na nusu, Baba. Kwenye maegesho."

"Saa saba," akasema. "Mama Pasta ataomba."