Gogo la Skolastika

Fundi Vitalis ni mchonga vinyago, na kwa kujisifu hana mpinzani Kariakoo nzima. "Mkono huu haujawahi kupasua gogo," hutuambia sisi wapangaji wenzake, huku akinywa chai yetu.

Baada ya mkewe Skolastika kufariki, mwarobaini aliokuwa akiuzia vitumbua chini yake kule Upanga ulikatwa kupisha ghorofa. Vitalis aliwahi gogo moja tu. Mengine yalishakuwa kuni. Alitaka kuchonga uso wa mkewe, maana picha ya maana ya marehemu hana.

Alilitunza kama siku zote. Hakulitoa gome. Alipaka nta ya mishumaa ncha zote mbili ili lisikauke kwa pupa, akalilaza uani kivulini na kulifunika magunia. Kisha akawa anaenda zake kibandani kwake kuchonga kila asubuhi.

Likapata ufa. Akaongeza nta, ufa ukazidi. Akalihamishia ukutani, akalirudisha. Alilaumu jua, akalaumu panya, mwisho akatugeukia sisi. Alinikera, lakini nilimwonea huruma. Mtu mzima alikuwa anazunguka uani hajui hata anatafuta nini.

"Shemeji, umelianika gogo langu?" alimuuliza Bi Waridi, shoga wa marehemu.

"Mimi na magogo wapi na wapi?" Bi Waridi alikuwa anachambua mchele. "Kwani siku hizi magunia analowesha nani?"

"Magunia gani?"

"Hee! Skola si alikuwa anayalowesha pale bombani kila ukishatoka? Anayakamua, anayafunika magogo yako. Ukirudi jioni yameshakauka."

"Hakuniambia."

"Alisema ukijua utaona aibu. Mwenyewe ulivyokuwa unajisifia huo mkono!"

Vitalis alitutazama mmoja mmoja, kama kuna atakayesema ni utani. Akautazama mkono wake, akaugeuza, akautazama tena. Nikatamani ajisifu kidogo, nimwone yule niliyemzoea.

Kesho yake hakwenda kibandani. Tulimkuta bombani analowesha magunia, akayakamua vibaya, maji yakamchuruzika hadi miguuni.

"Shemeji, gogo limeshapasuka mpaka katikati," Bi Waridi alimwambia kwa upole. "Sasa unalowesha ya nini?"

Vitalis alilifunika gogo, akachomekea gunia pembeni palipokuwa wazi.

"Sijui," alisema. "Nionyeshe alikuwa anayakamuaje."