Picha za Harusi Zilizokula Hadithi za Bibi

Kwanza ulisikika mlio wa simu, kisha mkoromo mrefu, kisha miluzi miwili iliyopishana. Ndipo tulipojua kwamba kompyuta ya nyumbani imeingia kwenye mtandao. Ilikaa sebuleni kwetu Bariadi, imefunikwa kitambaa cha kufuma. Soko la pamba lilikuwa limeshafunguliwa, kampuni binafsi zikija na malori yao, na moja kati ya hizo ndiyo iliyompa baba yangu, karani wake, mashine hiyo ilipoleta mpya. Msimu huo hewa ilijaa vumbi na nyuzi nyeupe za pamba, nasi tulifuta kioo chake asubuhi na jioni.

Aliyeitumia zaidi ni mama, tuliyemwita Mayu. Alikuwa mwalimu. Mwaka uliotangulia, bibi, mama yake, alipokuja kutoka Sola kutibiwa, alikaa kando ya mashine akisimulia hadithi kwa Kisukuma, na Mayu akazichapa moja kwa moja, bila kuandika kwanza kwenye daftari. Kila hadithi ilipokamilika, alimtumia kwa barua pepe mjomba, kaka yake aliyefanya kazi ofisini Mwanza. Bibi alifariki kabla ya mavuno. Zikabaki hadithi ishirini zenye sauti yake.

Nilikuwa na miaka kumi na mmoja. Alasiri moja Mayu alitoka kwenda kuanua nguo, akaniacha nikisubiri barua pepe zishuke. Ikaja moja kutoka kwa rafiki yake wa chuoni, ikisema: picha za harusi, fungua. Nilipenda sana harusi. Nikafungua. Hakukuwa na bibi harusi wala keki. Mashine ilianza kunguruma yenyewe, na barua ambazo sikuziandika zikaanza kutoka, moja baada ya nyingine, kwa kila mtu aliyekuwa kwenye orodha ya Mayu. Nilipofungua jalada la bibi, kila hadithi ilikuwa tupu.

Nilitamani kurudisha kitambaa juu ya mashine na kwenda kucheza. Miguu ilikuwa tayari imefika mlangoni. Lakini nililiona jina la mjomba kwenye orodha ile, nikakimbilia uani.

"Mayu, nimeharibu. Nimefungua barua, hadithi za bibi zimefutika, na sasa barua hiyo inamwendea mjomba!"

Aliziacha nguo zikaanguka mchangani. Hakunigombeza. Alichomoa waya wa simu kwenye kompyuta, akauchomeka kwenye simu ya mezani, akapiga Mwanza. Nilisimama nimeshika gauni lake.

"Kaka, umefungua barua yangu ya leo?"

Ikaja sauti ya mjomba, akicheka: "Ya picha? Nimeiona. Nilikuwa namalizia chai kwanza."

"Usiiguse! Ifute. Kisha nichapie hadithi zote za mama, zote, leo hii."

Mayu aliketi sakafuni, akalia, nami nikalia naye. Kesho yake basi la Mwanza lilileta bahasha nene na diski. Jioni ile alinisomea hadithi ya kwanza kwa sauti, akanifundisha kuweka nakala kwenye diski ya pili, na tukakubaliana: barua yenye kiambatisho haifunguliwi kabla ya kumuuliza aliyeituma, hata kama ni rafiki. Mjomba alipotutembelea aliweka programu ya kuzuia virusi, nami nikapewa kazi ya kuihuisha kila Jumamosi.

Leo Bariadi ni makao makuu ya mkoa, na mtandao unaingia mifukoni bila mlio wowote. Mitego nayo imekuwa mingi, inakuja na majina ya benki na ya ndugu. Mwezi uliopita binti yangu alikuja jikoni ameshika simu yangu. "Mama, kuna kitu nimebonyeza." Nilizima jiko. Kabla ya kuitazama simu, nilimkumbatia, nikamwambia, "Ahsante kwa kuja upesi."