Ubao wa Wabebaji wa Kalemie

Kilichonitoa Kigoma ni swali la mwanafunzi wangu. Nilikuwa nikifundisha usalama kazini, akauliza: kibarua asiye na mkataba akiumia, anamwambia nani? Nikaamua kwenda kuwauliza wabebaji wa bandari ya Kalemie, ng'ambo ya ziwa.

Jumatatu nilipanda meli ya mizigo. Ziwa lilikuwa tulivu, nikalala juu ya magunia ya chumvi kama niko kwangu.

Kalemie tulifika kesho yake. Nilipokelewa na Papa Ilunga, aliyekuwa mbebaji mpaka alipoteleza kwenye ubao wa kupandia melini, mfuko wa saruji ukiwa begani. Sasa anachechemea, anashona viatu. Mkewe alitupikia bugali, ndio ugali wao, na samaki aina ya migebuka. Wao husema mikebuka. Tukacheka, tukala.

Jumatano nilikwenda bandarini. Wanaume kwa wanawake walikuwa wakipita kwenye ubao mmoja mwembamba, usio na pa kushika, nyuso zimejaa vumbi la saruji. Niliketi kibandani na karatasi zangu, nikawaita mmoja mmoja. Kila mtu alisema kazi ni nzuri, hata aliyekuwa akikohoa.

Aliyenihurumia ni Mama Feza, mwanamke mrefu anayebeba kuliko wanaume wengi. Aliinama akasema polepole, "Mama Profesa, kapita anatuona. Mwenye atasema, kesho hataitwa tena. Utuulize wote pamoja, na si hapa."

Kapita ni msimamizi anayechagua wabebaji kila asubuhi. Niliona aibu. Nilikuja kuuliza hatari zao, na karatasi zangu zilikuwa zimeongeza nyingine.

Jumapili, baada ya misa, wabebaji walikuja pamoja uani kwa Papa Ilunga. Walizungumza mpaka mkono wangu ukachoka kuandika. Baadaye wakanisahau kabisa, wakawa wanashauriana wao kwa wao.

Jumatatu asubuhi kapita alipoanza kuita majina, hakuna aliyesogea. Niliogopa, wote wangeweza kukosa kazi siku hiyo, na chanzo ni mimi. Mama Feza, bila kupaza sauti, alieleza kwamba wanataka ubao upigiliwe vijiti vya kukanyagia, ufungwe na kamba ya kushika. Kapita akawatazama, akaitazama meli inayosubiri, kisha akaagiza misumari. Kuhusu vitambaa vya kuzuia vumbi, ambavyo waliviomba pia, alisema ataona; mpaka naondoka alikuwa bado anaona.

Siku ya kurudi, nilipanda meli kwa ubao huo nikishika kamba. Mama Feza alinisindikiza. Nilimwuliza kama nimtaje kwa jina katika utafiti wangu. Alitikisa kichwa.

"Haiko mutu moja njo alisema," aliniambia, yaani si mtu mmoja aliyesema. "Andika: sisi wote."

Nilikwenda kutafuta sauti ya mtu mmoja mmoja, nikajifunza kwamba kwa kibarua, kusema pamoja ndiyo kinga inayotangulia kofia na glavu. Basi nimeandika alivyotaka, na hilo la Mama Feza ni jina nililompa mimi.