Bi. Twaiba Ang'olewa Mlango

Bi. Twaiba Chande alizaliwa Gazi, akaolewa Msambweni, akaachwa Msambweni, akaolewa tena Ukunda, na safari hiyo talaka akaidai mwenyewe. Mume, alikuwa akisema, ni kama kandambili mlangoni pa msikiti: ukizubaa kidogo anakwenda na mwingine. Alipochoka na kandambili alirudi Msambweni, akapanga chumba na ukumbi katika nyumba ya Mzee Alfani, nyuma ya soko, akaanza kazi ya kupamba maharusi. Singo ya kusugua mwili, hina, piko jeusi la kuchorea maua, udi, nyimbo za matusi za kumtoa haya mwari aliyenayo na kumtia haya asiyenayo, yote alikuwa nayo. Wanawake wengi wa mtaa ule waliingia kwa waume zao wakinukia kwa mikono yake, na baadhi yao waliingia zaidi ya mara moja.

Mzee Alfani alikuwa bahili wa kupigiwa mfano. Paa likivuja, Bi. Twaiba akimlalamikia, humjibu, "Weka ndoo, Twaiba. Mvua ni rehema, nawe wataka niizuie?" Hati ya upangaji hawakuandikiana hata siku moja. Mwisho wa mwezi mzee alikuja, akapokea kodi yake, akanywa kahawa ya mpangaji wake vikombe vitatu, akaenda zake. Ndivyo walivyokaa, wakitukanana kwa mapenzi, mpaka mzee akafa.

Wanawe walikuwa wamegombana tangu utotoni, na jambo la kwanza walilowahi kupatana ni kuiuza ile nyumba. Wapangaji hawakuambiwa kitu. Bi. Twaiba alijua siku aliyotoka kuoga akamkuta mwanamume mnene ukumbini kwake, ameinama, anapima sakafu kwa futi ya chuma.

"Wewe baba," akamwambia huku akikaza leso, "huko kwenu watu huingia majumbani bila hodi, au ni wewe peke yako?"

"Nyumba ni yangu. Nimeinunua."

"Hongera. Hodi je, hukuuziwa?"

Yule bwana aliitwa Harrison Tembo, mtu wa Mackinnon Road, mwenye malori mawili na tumbo la mwenye malori kumi. Alikuwa Mduruma na Bi. Twaiba ni Mdigo, na kwa kawaida makabila hayo ndugu hayakosi cha kutaniana, lakini Harrison hakuja kutania. Alieleza kwamba watalii wa Diani wamechoka na mahoteli, wanataka kulala mahali penye maisha ya kienyeji. Nyumba itavunjwa ndani, ijengwe vyumba vya wageni.

"Maisha ya kienyeji ndiyo haya," akasema Bi. Twaiba. "Ndiyo mimi. Utanifukuza, kisha wageni wako watazame nini? Tumbo lako?"

"Mpaka Ijumaa, mama. Ijumaa nataka nyumba tupu."

Chumba cha pili alipanga Issa, muuza samaki, mtu mpole aliyeogopa hata paka wake. Yeye hakungoja Ijumaa. Alifunga virago akaenda kijiji cha Jego kwa nduguye, akisema mwenye nyumba akishasema toka ni kutoka, hakuna dua nyingine. Bi. Twaiba alimsindikiza mpaka barabarani kwa mzaha mwingi, akarudi, akakaa ukumbini peke yake, na mzaha ukamwishia. Gazi hakuwa na pa kurudi. Kiwanja cha baba yao kaka zake walishakiuza. Alikuwa mwanamke wa miaka hamsini na minane mwenye kitanda kimoja, kabati, majagi ya shaba na chetezo.

Ijumaa ilipofika, yeye alikuwa kazini. Mwari alikuwa Fauzia, binti wa hapo hapo mtaani, na kwa kuwa kwao kulijaa wageni hata pa kukanyaga hapana, alikuja kupambwa kwa Bi. Twaiba. Ukumbi ulijaa mashangazi. Fauzia alikuwa ameketi nyuma ya pazia, hina mbichi imempanda mikononi hadi viwikoni na miguuni hadi magotini, haruhusiwi kugusa kitu wala kujikuna.

Hapo ndipo Harrison alipotokea na mafundi wawili na mtaimbo.

"Toeni mlango," akaamuru.

Fundi mkubwa, Suleiman, alitia kichwa ndani, akaona mikeka, akasikia udi, akakirudisha kichwa kama aliyechomwa. "Bosi, humo mna mwari."

"Mwari ni nini? Toa mlango!"

"Mimi simo. Mama yangu akisikia nimewang'olea mlango wanawake wakiwa na mwari ndani, atanilaani mpaka mtaimbo huu upinde."

Mashangazi nao hawakuachia wakati upotee. Mmoja alimuuliza Harrison kama amekuja kusingwa. Mwingine akasema singo haitoshi kwa eneo lote lile, labda waagize lori. Katikati ya vicheko ikasikika sauti kutoka nyuma ya pazia, taratibu, ya mtu aliyekatazwa kutikisika.

"Shikamoo, mzee wangu. Uniwie radhi sitoki, nina hina. Umekuja na amri ya mahakama?"

"Amri ya nini? Nyumba ni yangu, nina hati."

"Hati yako haina ubishi. Lakini aliyenunua nyumba yenye wapangaji ameinunua pamoja na wapangaji wake. Umesimama pale pale aliposimama marehemu Mzee Alfani."

"Mimi sina mkataba na huyu mama!"

"Mkataba si karatasi tu, mzee wangu. Amekaa, amelipa, amepokelewa kodi yake miaka yote. Huo ni mkataba. Anayelipa kwa mwezi hatolewi bila notisi ya maandishi, ya mwezi mzima au zaidi. Na muda ukiisha akakataa kutoka, humng'oi wewe kwa mtaimbo. Unakwenda kwenye baraza la mambo ya kodi au mahakamani, wao ndio waamue. Ukitoa mlango, ukikata maji, ukiezua bati ili mtu ahame, hilo ni kosa, unaweza kushtakiwa."

Harrison alilitazama lile pazia. "Na wewe ni nani?"

"Bi harusi."

Vigelegele vilipasuka mpaka sokoni watu wakadhani ndoa imeshafungwa. Ukweli ni kwamba Fauzia alifanya kazi Kwale mjini, katika ofisi ndogo ya kuwasaidia watu mambo ya sheria, na kesi za wapangaji alizijua kuliko nyimbo za harusi. Harrison alipanda gari lake akaondoka. Suleiman alibaki kidogo kwa sababu alipewa sambusa.

Laiti yangaliishia hapo. Jumamosi mtaa mzima ulikwenda harusini, na Bi. Twaiba, akiwa ndiye mpambaji, alikaa kule mpaka Jumapili asubuhi. Aliporudi na sufuria ya pilau kichwani alikuta mlango haupo. Umeng'olewa pamoja na fremu yake. Vitu vyake vyote vilikuwepo, hata chetezo, ila mbuzi wa jirani alikuwa amesimama juu ya kitanda anamtazama kana kwamba mgeni ni yeye.

"Nawe umenunua?" akamuuliza mbuzi.

Majirani waliokuwa wakimtazama walicheka, naye akacheka nao. Kisha akamtoa mbuzi, akaingia chumbani ambako hakuna jicho lingemfikia, akakaa juu ya kitanda na kulia, kilio cha kimya cha mtu aliyezoea kuwaliza wenzake kwa vicheko. Si mlango alioulilia. Ni kule kuona kwamba maisha yake yote yaliwekwa wazi barabarani kwa kung'oa misumari, tena fundi asiyejulikana akaifanya kazi hiyo kwa muda wa mtu kunywa kikombe cha chai.

Alipomaliza kulia alipasha pilau, akala, akaenda kwa chifu. Chifu alikuna kidevu. "Mama Twaiba, si uhame tu? Mlango ni wake."

"Na kanzu uliyovaa ameshona Mzee Kombo. Aje akuvue?"

Chifu akaandika ripoti haraka, akampa na barua ya kwenda polisi. Kutoka hapo Bi. Twaiba alifanya jambo ambalo hata yeye, asiye na haya, alilionea haya: alimpigia simu Fauzia akiwa fungate. Sauti ya mwanamume ilisikika nyuma ikiuliza, "Sasa hivi?" Lakini Fauzia alimsikiliza mpaka mwisho, akamwelekeza kwa mwenzake wa ofisini, na mwenzake akampeleka kwenye baraza linaloamua ugomvi wa kodi za nyumba, akamsaidia kuandika malalamiko.

Wiki za kungoja alikaa bila mlango. Alitundika leso pale penye uwazi, nayo, kama kila leso, ilikuwa na jina lililoandikwa: HASIDI KAA NJE UCHUNGULIE. Watu waliisoma, wakacheka, wakachungulia kweli. Kazi haikupungua, iliongezeka, maana kila aliyepita alitaka kusikia habari ile, na Bi. Twaiba hakuitoa bure kwa mtu asiyepaka hina.

Siku moja aliingia mwanamke mpole, amevaa vizuri, akitaka maua ya piko kwa ajili ya harusi ya mdogo wake. Akasema jina lake Faith, anatoka Mackinnon Road. Bi. Twaiba alimaliza mkono mmoja, wa pili ukawa bado.

"Mama, mbona hapa hapana mlango?" Faith akauliza.

"Kamuulize mwenye malori wa kwenu, Harrison Tembo. Ameununua na nyumba akaondoka nao."

Faith aligeuka akautazama ule uwazi. "Ni mlango wa kijani? Wenye mchoro wa mwezi juu?"

"Umeuona wapi?"

"Harrison ni mume wangu," Faith akasema. "Aliniambia ameuokota jalalani."

Bi. Twaiba aliuvuta ule mkono wa pili, akaanza kuupaka. Hakumtoza kitu. Wala hakumwomba chochote, jambo ambalo baadaye aliapa lilimshinda kuliko kufunga Ramadhani.

Siku ya kusikizwa Harrison alikuja na suti na maelezo. Mama huyu, akasema, ni mkorofi. Nyumba ni mbovu, haifai kukaliwa na binadamu. Na kuhusu mlango, yeye hajui lolote. Labda ni wezi, Msambweni siku hizi ina wezi.

Mwenyekiti wa baraza, mama mwenye miwani iliyoning'inia kifuani, akauliza kama kuna mwingine mwenye la kusema. Faith akasimama nyuma kabisa, piko bado jeusi mikononi.

"Mheshimiwa, mlango uko nyumbani kwangu. Umefungia banda la kuku."

Chumba kizima kiliangua kicheko. Harrison aligeuka kumtazama mkewe, na wanaosimulia husema uso wake ulikuwa wa mtu aliyekanyagwa na lori lake mwenyewe. Mwenyekiti alivaa miwani. Alisema kuuzwa kwa nyumba hakuuondoi upangaji. Mlango urudishwe, kwa gharama ya aliyeutoa. Mpangaji asisumbuliwe wala asipandishiwe kodi kiholela. Mwenye nyumba akiihitaji nyumba yake, njia ipo, aifuate. Kisha akamgeukia Bi. Twaiba, aliyekuwa ameshaanza kuvimba kichwa: na yeye tangu nyumba iuzwe hajalipa kodi, na kodi hiyo sasa ni haki ya Bwana Harrison, ailipe.

"Hata ya wiki za mbuzi?" akauliza Bi. Twaiba.

"Hizo zitapunguzwa," akasema mwenyekiti, na watu wanasema alitabasamu, ingawa yeye hukana.

Suleiman ndiye aliyeuleta mlango, ukiwa na mavi ya kuku, akauosha, akautia. Kwa haraka zake aliugeuza ukawa unafungukia nje, ukawapiga wageni wengi usoni, na Bi. Twaiba hakutaka urekebishwe.

Alikaa pale mwaka mzima na zaidi. Kisha notisi ikaja, ya maandishi, yenye muda wa kutosha. Harrison aliileta mwenyewe, akakaa kwenye kiti, akaeleza. Fauzia aliisoma akasema hii sasa imekaa sawa. Unaweza kuipinga, akamwambia, lakini sijui kama utashinda. Bi. Twaiba aliwaza siku nyingi. Angeweza kupigana tena. Lakini aligundua kwamba kilichomliza siku ile kilikuwa kutupwa, na sasa hakuna aliyekuwa akimtupa. Akaomba aongezewe muda apitishe Ramadhani na Idi, akapewa.

Siku ya kuhama, mkokoteni ulisimama mbele ya nyumba ya Bi. Mishi, mjane aliyempa chumba upande wa pili wa soko. Wachukuzi walikuwa wameshainua kitanda, Bi. Twaiba akawazuia kwa mkono.

"Bi. Mishi, kabla hakijaingia. Una watoto wangapi?"

"Mmoja tu, mwenzangu."

"Ana akili ya biashara?"

Bi. Mishi alicheka mpaka akashika ukuta. "Hana! Huyo hawezi hata kuuza maji kiangazi."

"Ingizeni," akasema Bi. Twaiba.