Mtaro wa Msingi Ndia Kuu, Kabla ya Zege

Sogea karibu, msikilizaji wangu, nikueleze kwa nini siku moja ya miaka ya tisini niliacha mitihani ya wanafunzi mezani, Voi, nikakimbilia Mombasa. Bi Zuhura, mama wa mwanafunzi wangu wa zamani, alipiga simu shuleni. Mafundi walikuwa wakichimba msingi wa jiko uani kwake, wakakuta vigae vya sahani, vyeupe vyenye maua ya buluu. Alitaka kujua jambo moja: sahani hizo zilikuwa za watu waliokaa pale kabla ya nyumba yake ya mawe, au za waliokuja baadaye? Mimi nilikuwa nimefunzwa kidogo akiolojia, yaani kazi ya kuwajua watu wa kale kwa vitu walivyoviacha ardhini. Nikamsihi azuie zege.

"Fanya haraka, mwalimu," akasema. "Fundi anamwaga kesho."

Alfajiri nilishuka kwenye gari la moshi, nikakatiza mtaa wa Bondeni kwa miguu. Waliotoka msikitini walinisalimu, nami nikaitikia bila kusimama. Nilipoingia Ndia Kuu, mtaa wa Bi Zuhura, nikasikia sepetu zikikwaruza kokoto. Zege lilikuwa likichanganywa.

"Sabalkheri, mwalimu. Ndoo ndani," akasema Bi Zuhura, akinikaribisha mlangoni.

Sebuleni, juu ya mkeka, alikuwa amepanga vigae vyote, vimeoshwa kwa sabuni, vya buluu mbele, vyeusi vya vyungu nyuma.

"Nimevisugua mwenyewe jana. Mgeni haonyeshwi matope."

"Vya buluu vilitoka wapi, bibi?"

"Mtaroni."

"Juu au chini?"

Akanitazama. "Basi nimeharibu?"

Nilimweleza kwamba udongo hulala tabaka juu ya tabaka, na usipovurugwa, la chini ndilo la zamani zaidi. Kigae kikiondolewa mahali pake bila kupimwa, hakisemi tena kilitangulia nini. "Lakini kuta za mtaro hazijaguswa," nikamwambia. "Twende."

Saa mbili asubuhi nilikuwa mtaroni, kina cha kiuno, nikikwangua udongo kwa mwiko wa mwashi. Fundi Kazungu alisimama juu yangu na karai lililojaa.

"Zege halingoji, mwalimu. Likikauka humu, utalila wewe?"

"Kazungu, anzia kule mwisho," akasema Bi Zuhura. "Ukimfikia, mzike na vigae vyake."

Kazungu akacheka, lakini akaanza kumwaga.

Juu palikuwa na kifusi. Chini yake ikatokea sakafu nyeupe ya chokaa, imeungana na ukuta wa nyumba, yaani vilijengwa pamoja. Chini ya sakafu, jivu, miba ya samaki na vigae vyeusi. Nilihitaji kigae kimoja tu cha buluu kilichobaki mahali pake. Kikiwa chini ya sakafu, sahani zilitangulia nyumba. Nilipima, nikachora, nikakwangua tena. Cheusi. Cheusi kingine. Kitu kikametameta, nikakifukua. Kumbe gamba la chaza.

"Toka, mwalimu," akasema Kazungu taratibu. Zege lilikuwa limefika kwenye viatu vyangu.

Nikatoka. Lilipolala lote, Bi Zuhura akaniuliza, "Sema kweli."

"Kabla ya nyumba hii, watu walipika samaki hapa kwa vyungu vyeusi. Hilo nina hakika nalo."

"Na sahani?"

"Hatutajua, bibi."

Akakitwaa kigae kimoja cha buluu, akakigeuza, akakirudisha mkekani. Kisha akanimiminia chai.

Jioni, garini kurudi Voi, nilijua kosa lilianzia wapi. Kwenye simu nilimwonya juu ya zege; sikumwonya juu ya maji, yaliyoosha udongo ambao ungeonyesha vigae vilitoka tabaka lipi.

Basi nawe ukichimba ukakuta kigae, usikiokote wala usikioshe. Simamisha sepetu, pima kwa kamba kutoka uso wa ardhi hadi kilipo, andika kipimo hicho, kisha upeleke habari kwenye makumbusho ya karibu nawe.